Watoto wa Wadudu

Mtoto wa mbuzi hufanana na mama yake, hata mgeni humtambua. Watoto wa wadudu sivyo wote. Tunutu ana umbo la nzige mzazi wake, ila mabawa yake hayajakua. Lakini ni nani atakayemtazama kiwavi, amwite kipepeo?

Nenda ukatazame majani machanga ya mndimu au mchungwa. Huenda ukaona kitu kidogo cha rangi ya kahawia na nyeupe, ukadhani ni mavi ya ndege. Kiguse polepole kwa kijiti. Kama ni kiwavi, mara atatokeza nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini, nyekundu-manjano, na harufu kali itakujia. Ile sura mbaya ndiyo ngao yake, maana ndege hapendi kula mavi. Akikua hujivua ngozi, akawa wa kijani kama jani lenyewe. Wenye miche hawampendi, na haki yao, kwani huimaliza majani.

Mtie katika chupa yenye mdomo mpana pamoja na kijiti, uifunike kwa kitambaa, na kila siku umpe majani mabichi ya mti ule ule. Andika tarehe kila ajivuapo ngozi. Mwisho atajifunga kijitini kwa uzi wake, akae kimya majuma mawili hivi. Kisha atatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Mwache akauke mabawa, umfungulie.

Pengine hatoki kipepeo, bali nyigu wadogo wengi, ambao mama yao alitaga mayai humo, nao wakamla mwenyeji angali amelala. Hayo nayo uyaandike.