Theluji Ikipungua, Posumu Hupigwa na Baridi

Mwaka 1966, katika nyumba ya wageni wa michezo ya theluji kwenye Mlima Hotham, jimbo la Victoria nchini Australia, alikamatwa mnyama mdogo mfano wa panya. Kumbe alikuwa posumu kibete wa milimani. Hadi siku hiyo wanasayansi walimjua kwa visukuku tu, vipande vya mifupa ya mapangoni ambavyo Robert Broom alivieleza mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka sabini hivi alihesabiwa kuwa amekwisha kutoweka duniani.

Kama kangaruu, naye hulea watoto mfukoni. Ila uzito wake ni gramu 45 hivi, na hapo ndipo taabu yake inapoanzia. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na nyama ya kuzalisha joto, nalo joto hupotelea kwenye ngozi. Uji wa kwenye kijiko hupoa huku ule wa sufuriani ungali ukifuka mvuke. Posumu huyu akitaka kukaa na joto lake la kawaida, nyuzi 35 hivi, wakati wote wa baridi, itambidi ale mfululizo. Na juu ya mita 1,300, theluji ikishaanguka, wadudu hakuna.

Kwa hiyo hashindani na baridi, huiacha iingie. Vuli yote hula hadi uzito wake unakaribia kuongezeka maradufu, kisha hujikunja kama mpira kati ya mawe chini ya theluji na kuzizima. Joto la mwili hushuka hadi nyuzi 2 hivi. Moyo hupiga kwa nadra, pumzi hukatika kwa vipindi virefu, na matumizi ya nishati hubaki asilimia chache tu ya kawaida. Mwanadamu akipoa kiasi hicho moyo wake husimama mapema mno. Huyu huishi hivyo hadi miezi saba.

Tena si yeye peke yake afanyaye hivyo. Posumu kibete wa mashariki, ndugu zake, waliwahi kunenepeshwa katika maabara ya Fritz Geiser, Chuo Kikuu cha New England, kisha wakaachwa bila chakula. Mmoja wao alidumu siku 367 kwa mafuta ya mwilini mwake. Katika majangwa ya Australia wapo wanyama wengine wa mfuko, danati, wenye gramu 15 hivi, ambao huzizima kwa saa chache tu kila siku. Asubuhi hujikokota kutoka mafichoni wakiwa bado baridi na kuota jua, ili jua liwalipie gharama ya kupata joto.

Gharama hiyo si ndogo, na nadhani ndiyo sehemu inayosahauliwa sana katika habari hizi. Watu husema mnyama amelala miezi saba, lakini posumu wa milimani huamka mara kwa mara, baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa, akarudisha joto lake lote kwa saa chache, kisha akazizima upya. Wanyama wengi wadogo wasio na mfuko wana mafuta ya kahawia, tishu maalumu ya kuzalisha joto. Wanyama wa mfuko hawana tishu hiyo inayofanya kazi, hivyo hutegemea zaidi misuli. Huko kuamka kwa muda mfupi ndiko kunakomaliza sehemu kubwa ya akiba ya msimu mzima. Posumu mwenye kuamshwa ovyo hafiki majira ya kuchipua.

Hapa ndipo theluji inapokuwa uhai wake. Theluji nene imejaa hewa, na hewa iliyonaswa haipitishi joto kwa urahisi. Juu upepo unaweza kuwa wa chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi. Kati ya mawe hubaki sifuri au zaidi kidogo, karibu kabisa na kiwango ambacho posumu hutumia nishati kidogo kuliko vyote. Theluji ikipungua kwa sababu dunia inapata joto, baridi kali hupenya hadi malaloni, na posumu hulazimika kuchoma mafuta ili asigande. Ongezeko la joto duniani linamletea yeye baridi. Sijui kiumbe mwingine anayeonyesha kwa uwazi zaidi jinsi mabadiliko ya tabianchi yasivyo jambo la jua kali peke yake.

Theluji ikiyeyuka mapema, huamka kabla nondo wa bogong hawajawasili. Nondo hao husafiri kila majira ya kuchipua kutoka tambarare za mbali, mamia ya kilomita, na ndio chakula chake kikuu cha kurejesha mwili na kunyonyesha. Tangu ukame wa 2017 idadi yao ilianguka vibaya, na katika baadhi ya maeneo majike wengi walipoteza vichanga vyao mfukoni.

Michael Archer wa Chuo Kikuu cha New South Wales na wenzake wanajaribu njia ya kijasiri. Visukuku vya Riversleigh, Queensland, vinaonyesha kwamba jamaa wa kale wa posumu huyu waliishi katika misitu yenye unyevu ya nyanda za chini, mbali na theluji yoyote. Wanafuga kundi karibu na Lithgow, chini ya makao yake ya sasa, wakitumaini kwamba uwezo huo wa kale bado umo mwilini. Mimi naunga mkono jaribio hilo, mradi mawe ya Hotham yasiachwe bila ulinzi wakati matokeo yanasubiriwa.