Wingi wa Wagonjwa na Uthabiti wa Tiba: Utafiti wa CRASH kuhusu Majeraha ya Kichwa

Kwa zaidi ya miaka 30, madaktari katika nchi nyingi waliwapa majeruhi wa kichwa dawa za jamii ya steroidi. Hoja yao ilikuwa na mantiki: ubongo ulioumia huvimba, fuvu halitanuki, na steroidi hutuliza uvimbe. Tafiti zilizokuwapo hazikutoa jibu, kwa kuwa hadi mwaka 1997 zote kwa pamoja zilihusisha takriban wagonjwa 2,000 tu.

Utafiti wa CRASH, ulioratibiwa kutoka London, ulikusudia kusajili wagonjwa 20,000. Ulisitishwa mwaka 2004 walipofikia 10,008 katika nchi 49. Waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa steroidi kwa saa 48 na nusu dripu isiyo na dawa. Katika majuma mawili, waliopewa steroidi walifariki 1,052, yaani asilimia 21.1, wenzao 893, yaani asilimia 17.9.

Tofauti hiyo ni ya wagonjwa watatu katika kila mia. Hospitali inayopokea majeruhi mia moja kwa mwaka haiwezi kuiona, kwani bahati pekee huyumbisha idadi ya vifo kuliko hivyo. Tena, majeruhi anapofariki, jeraha ndilo hulaumiwa, dawa haishukiwi. Hivyo madhara yalijificha ndani ya uzoefu wa mabingwa wenyewe.

Hesabu hiyohiyo huficha manufaa. CRASH-3, uliochapishwa mwaka 2019, ulihitaji wagonjwa 12,737 ili kuonyesha kwamba asidi ya traneksamiki, ikitolewa ndani ya saa tatu tangu ajali, hupunguza vifo vya wenye majeraha madogo na ya wastani. Kwa walioumia vibaya sana, nafuu haikudhihirika.

Kwa maradhi adimu ya ubongo hali ni ngumu zaidi, maana hospitali moja huenda ikaona wagonjwa wachache tu kwa miaka kumi. Nchi jirani zinahitaji daftari moja la pamoja, lenye saa ya ajali (ambayo si kila faili huiandika), saa ya kupokelewa, kiwango cha fahamu, na hali ya mgonjwa baada ya miezi sita.

Linabaki suala la ridhaa. Majeruhi hana fahamu, na ndugu zake wangali njiani. CRASH-3 ulimruhusu daktari, pale ambapo hapana ndugu, kumwingiza mgonjwa kwanza na kumweleza baadaye. Pasipo kanuni kama hiyo, abiria wa bodaboda aletwaye na wapita njia hataingia katika utafiti wowote, na tiba atakayopewa itakuwa imepimwa kwa wengine.