Fahamu: Virusi Viwili Katika Ini Moja

Mtu aliyepatikana na homa ya ini aina ya C aghalabu hudhani kwamba adui wake ni mmoja, ilhali sindano ile ile iliyomwambukiza, au damu aliyotiwa pasipo kupimwa, yaweza kuwa imemletea pia kirusi cha homa ya ini B, au kile cha UKIMWI (VVU).

Ajabu kubwa imo katika kukutana kwa B na C, kwani kirusi cha C, maadamu kinastawi, hukilaza kile cha B kikakaa kimya kana kwamba hakipo. Basi dawa mpya za kumeza, ambazo kwa wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100, zikisha kukifukuza cha C, cha B huweza kuamka na kulishambulia ini kwa ghadhabu. Ndiyo sababu Oktoba 2016 idara ya dawa ya Marekani iliamuru tahadhari kali iandikwe juu ya dawa hizo, baada ya kupata habari za wagonjwa 24, ambao wawili wao walifariki na mmoja akabadilishwa ini. Kipimo cha damu kabla ya tiba chatosha kukifichua kilicholala, wala sioni udhuru wa tabibu kuacha kupima.

Ama VVU, hivyo huharakisha makovu ya ini, na dawa zake nyingine hazipatani na zile za C.

Asiye na B apewe chanjo yake. Ya C haijapatikana bado.