Wavu wa Pete Ndani ya Kimelea cha Malale

Trypanosoma brucei, kimelea kienezwacho na mbung'o na kiletacho malale kwa binadamu, kina mitokondria moja tu. Ndani yake, karibu na shina la mjeledi ambao kimelea hutumia kuogelea, mna kidonge kiitwacho kinetoplasti. Kidonge hicho ni DNA.

DNA hiyo si uzi mmoja. Ni pete ndogo zipatazo 5,000, zenye jozi za besi kama 1,000 kila moja, pamoja na makumi machache ya pete kubwa zenye jozi zipatazo 23,000. Pete zote zimepitana na kushikana, mfano wa deraya ya askari wa kale iliyofumwa kwa pete za chuma.

Kabla ya kimelea kugawanyika, wavu huu sharti unakiliwe wote. Yawezekanaje, ilhali kila pete imefungwa na jirani zake? Vimeng'enya vya jamii ya topoisomerasi hukata pete ndogo, huichomoa na kuiunga tena. Pete iliyo huru hunakiliwa nje ya wavu, kisha pacha wawili hufungwa ukingoni. Kila pacha huachiwa mwanya katika uzi wake. Mwanya huo hudhaniwa kuwa alama ya kuzuia pete isinakiliwe mara ya pili. Pete kubwa hunakiliwa zikiwa palepale wavuni. Kazi ikiisha mianya huzibwa, na wavu hugawanyika pande mbili.

Pete kubwa hubeba jeni za upumuaji, lakini nyingi zimeandikwa kwa upungufu. Mwaka 1986 Rob Benne na wenzake, huko Amsterdam, walitangaza kwamba ujumbe wa RNA huongezewa herufi U zisizokuwamo katika jeni. Baadaye ilidhihirika kuwa pete ndogo ndizo zitoazo RNA elekezi za usahihishaji huo.

Isometamidiumu, dawa ya nagana ya ng'ombe, hujikusanya katika kinetoplasti. Lakini Trypanosoma evansi, kimelea kiuguzacho ngamia wa kaskazini ya Kenya, kimepoteza pete kubwa na bado chaishi katika damu. Mageuzi ya jeni yanayokiwezesha kuishi hivyo hupunguza pia nguvu ya dawa hiyo. Ndani ya mbung'o hakiwezi kukua. Husafiri midomoni mwa nzi wengine waumao, na kwa njia hiyo kimefika Asia na Amerika ya Kusini, kusiko na mbung'o.