Mgongo unaouma hautaki kulazwa

Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo huwaandama watu wengi mijini: karani anayeketi kutwa, dereva wa matatu, fundi wa ujenzi na mama anayebeba magunia sokoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) lakadiria kwamba mnamo 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu hayo.

Yakizidi miezi mitatu huitwa sugu. Aghalabu mgonjwa anayenijia katika hali hiyo huwa amekwisha kununua mshipi wa kiunoni, akameza vidonge na kujilaza, akihofia kwamba akijisogeza ataharibu uti wa mgongo. Hofu hiyo huzidisha tatizo. Misuli isiyotumika hudhoofika na viungo hukakamaa, hata kuinama kuokota sufuria kukawa adhabu.

Katika mwongozo wake wa Desemba 2023, WHO yapendekeza mazoezi kwa wagonjwa hawa, na haipendekezi mishipi ya kiunoni. Hakuna zoezi moja lililothibitishwa kuyashinda mengine yote. Kwa hivyo mimi huwashauri wagonjwa wachanganye aina tatu, kwani kila moja ina kazi yake.

Kwanza, kunyoosha viungo. Lala chali, vuta goti moja taratibu kuelekea kifuani, hesabu hadi 20, kisha badilisha mguu.

Pili, kuimarisha misuli. Ukiwa chali, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu. Inua makalio, hesabu hadi tano, ushushe. Rudia mara 10. Halafu piga magoti, viganja vikiwa sakafuni, na unyooshe mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto. Badilisha.

Tatu, kutembea. Anza na dakika 10, uongeze polepole hadi 30, siku tano kwa wiki. Ukipanda matatu, shuka kituo kimoja kabla ya chako. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2024 ulifuata watu 701 waliokuwa wamepata nafuu. Waliopewa mafunzo na mpango wa kutembea walikaa kwa wastani siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wenzao, siku 112.

Kuumwa kidogo siku za kwanza si ishara ya kuumia. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, punguza kiasi, usiache. Usitarajie nafuu kwa siku mbili, hesabu majuma.

Hata hivyo, ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukihisi ganzi kuzunguka sehemu za siri au miguu ikilegea, nenda hospitalini mara moja. Mwenye homa, jasho la usiku au anayepungua uzani bila sababu amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi, kwani kifua kikuu pia hushambulia uti wa mgongo. Vivyo hivyo aliyeanguka au aliyewahi kuugua kansa.

Wengine, msisubiri mgongo upone ndipo mtembee.