Ziwa Linapopanda Milima ya Gusii

Siku nyingi huko Keumbu, kwenye barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Keroka, huanza kwa jua safi. Wauzaji hupanga mikungu ya ndizi kando ya lami, wachumaji wa chai hubeba majani kwenda kwenye vituo vya kununulia, na mbingu haioneshi dalili yoyote ya shari. Ifikapo saa sita mchana, vibonge vyeupe vya mawingu huanza kuota juu ya vilima. Saa nane vimekwisha kuungana. Saa tisa au saa kumi upande mmoja wa anga ni mweusi tititi, upepo wa baridi unavuma kwa ghafla, kisha inasikika ngurumo. Mara nyingine mvua hiyo hushuka na mawe ya barafu, na kwa dakika chache shamba la chai lililokuwa tayari kuchumwa hubaki vijiti na majani yaliyochanikachanika, huku migomba imelala chini.

Chanzo cha haya yote kiko magharibi, kwenye Ziwa Victoria. Uso wa ziwa hilo uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali vilima vya Gusii, yaani Kisii na Nyamira, hupanda hata kupita mita 2,000. Mchana jua huipasha joto nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya mashamba huwa nyepesi na kupaa, nayo hewa yenye unyevu kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Ikifika Gusii hukutana na miinuko, na juu ya miinuko hiyo hukabiliana na pepo za mashariki zinazovuka Bonde la Ufa. Hapo haina pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nayo hunyesha karibu kila mwezi, wakati sehemu nyingine za Kenya zingali zinangoja masika na vuli.

Usiku mambo hugeuka. Milima hupoa, hewa baridi huteremka kuelekea ziwani, na dhoruba huzaliwa juu ya maji yenyewe, hasa kuelekea alfajiri, saa ambazo wavuvi wamo kazini. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekadiria kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka kwenye Ziwa Victoria, wengi wao kwa sababu ya upepo mkali na mawimbi. Kwa hiyo mkulima wa Keumbu na mvuvi wa kisiwa cha Mfangano hutishwa na mashine ile ile, kila mmoja kwa zamu yake.

Dhoruba hizi hutangazwa na mawingu, nayo mawingu yana madaraja. Mwaka 1802 Luke Howard, mtengeneza dawa wa London, aliyapa majina ya Kilatini ambayo wataalamu wangali wanayatumia, na leo yamegawanywa katika jamii kumi. Anayeishi Gusii anaweza kuanza na machache tu. Sirasi ni yale membamba ya juu kabisa, yaliyofanywa kwa chembe za barafu. Hayaleti mvua shambani. Stratasi hutanda chini kama ukungu na huleta manyunyu. Kumulasi ndivyo vile vibonge vya saa sita, vyenye kitako bapa, kwa sababu kitako hicho ndicho kimo ambapo mvuke huanza kugeuka matone. Vikibaki vidogo, hakuna neno. Vikianza kurefuka kuliko upana wake, anika nguo kwingine. Jitu lenyewe ni kumulonimbasi, ambalo karibu na ikweta huweza kufika kilomita 15 kwenda juu, na kilele chake kikigonga dari ya anga hutandazika.

Ndani ya wingu hilo hewa hupanda kwa nguvu ya kutosha kubeba vipande vya barafu. Vipande hivyo hupandishwa, hukusanya maji yanayoganda juu yake, huongezeka uzito, kisha huanguka. Kwenye nchi za ikweta, kimo ambapo maji huganda angani kiko karibu mita 4,500 hadi 5,000. Jiwe la barafu likianguka kuelekea Mombasa, kwenye usawa wa bahari, lina safari ndefu katika hewa ya joto, na kwa kawaida hufika chini likiwa maji. Likianguka juu ya Nyamira, karibu nusu ya safari hiyo imekatwa na mlima.

Majirani wa Kericho wamekuwa mashuhuri kwa jambo hili: vitabu vya rekodi za dunia huutaja mji huo kwa siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka. Miaka ya 1960 mashamba makubwa ya huko yalikodi ndege za kunyunyiza iodidi ya fedha mawinguni ili kuyavunja makali mawe hayo. Mwaka 1982 watafiti waliandika jambo la kushangaza zaidi, kwamba mabaki ya majani ya chai yanayooza shambani yana chembe zinazosaidia maji kuganda. Vumbi lake likipeperushwa hadi mawinguni, huenda mchai wenyewe unachangia barafu inayoupiga.

Je, tufani inaweza kufika Keumbu? Vimbunga vikubwa vya baharini huhitaji maji ya joto na msukumo wa mzunguko wa dunia ili vijizungushe, na msukumo huo hufifia kabisa ukikaribia ikweta. Keumbu iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, mbali na bahari. Pwani ya kusini ya Tanzania haina kinga hiyo kamili: kimbunga kiliipiga Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 kingine, Hidaya, kilifika karibu na kisiwa cha Mafia. Kisulisuli kikali cha nchi kavu, kile kinachoonekana Marekani zaidi ya mara elfu moja kwa mwaka, huhitaji pepo zinazobadilika sana kasi na mwelekeo kadiri mtu anavyopanda angani. Hali hiyo ni adimu kwetu, ingawa ziwani nguzo za maji zinazozunguka huonekana.

Tishio la kweli la Gusii, basi, ni radi. Chembe za barafu zinaposuguana ndani ya wingu, umeme hujikusanya, kisha hupasuka kwa joto linalofika digrii 30,000 hivi, mara kadhaa ya joto la uso wa jua. Eneo lote la Maziwa Makuu hupigwa sana. Milima ya mashariki mwa Kongo imo katika orodha ya sehemu zinazoongoza duniani. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Uganda. Machi 2018 iliua watu wasiopungua 16 katika kanisa la Waadventista huko Nyaruguru, Rwanda, waumini wakiwa ibadani siku ya Sabato. Kwa Gusii, ambako makanisa ya Kiadventista yamejaa kila kata, habari ile ilistahili kuwa onyo la kufunga kikinga radi kwenye kila jengo la ibada na kila shule, na waya wake ufike ardhini sawasawa.

Bado wako wanaoamini kwamba radi hutumwa na mtu. Imani hiyo isiachwe tu kama simulizi za jikoni, kwani shutuma za uchawi zimekwisha kuua: Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za namna hiyo. Radi haina adui. Hupenda kilicho kirefu, na katika kaunti mbili za Kisii na Nyamira, zilizokuwa na watu karibu milioni 1.9 katika sensa ya 2019, boma kwa boma, vilimani, ni lazima ipate mtu.

Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia nyumba imara au matatu iliyofungwa madirisha, ukae humo hadi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Bodaboda haikingi, kibanda cha sokoni hakikingi, na mkaratusi ndio mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa umeme hushuka kwenye shina na kusambaa ardhini, ukaweza kuangusha ng'ombe wote waliojibanza chini yake kwa pigo moja. Aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini. Anaweza kuguswa mara moja bila hatari, na ikiwa moyo umesimama, kumsukuma kifua kwa nguvu na kwa mfululizo, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali, kumewahi kuwarudisha watu waliodhaniwa wamekufa.