Uozo Unaozaa Mvinyo Mtamu Hauhalalishi Kula Kilichoota Kuvu

Huko Sauternes, kusini mwa jiji la Bordeaux nchini Ufaransa, mkulima huziacha zabibu zake nyeupe mtini hadi Oktoba, wakati mwingine hadi Novemba, akisubiri zioze. Zinanyauka, zinageuka rangi ya kahawia, zinafunikwa na vumbi la kijivu, na asiyejua angezitupa zote. Zikikamuliwa hutoa mvinyo mzito wenye harufu ya asali na aprikoti, unaouzwa kwa bei ambayo mivinyo michache sana duniani huifikia. Watu wengi wakisikia habari hii hukimbilia mambo mawili: kwamba hofu yetu ya chakula kilichoota kuvu imezidi kipimo, na kwamba kinywaji kilichotengenezwa na maumbile yenyewe lazima kiwe na faida mwilini. Yote mawili hayana msingi. Uzuri wa uozo huu unatokana na hali ya hewa ya pekee na uteuzi mkali wa wachumaji, na uzuri huo ni wa ladha tu.

Kuvu inayohusika inaitwa Botrytis cinerea, na kwingineko ni adui. Huozesha stroberi na nyanya, na wakulima wa waridi wa Naivasha, Kenya, wanaijua kwa madoa inayoyaacha kwenye petali za maua yaliyokwisha kufungashwa kwa safari ya Ulaya. Kuvu ya Sauternes si ya aina tofauti. Kinachotofautiana ni mto Ciron, ambao maji yake baridi huingia katika mto Garonne ulio na maji ya joto zaidi. Majira ya vuli ya huko, makutano hayo ya maji huleta ukungu unaotanda mashambani alfajiri. Unyevu huiamsha kuvu, nayo hupenyeza nyuzi zake kwenye ganda la zabibu na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Mchana jua huwaka, na maji ya tunda hutoka kwa mvuke kupitia vitundu hivyo huku sukari ikibaki ndani. Tokaj, nchini Hungaria, hutegemea mpangilio kama huo kwenye makutano ya mito Bodrog na Tisza. Lakini mvua ikinyesha mfululizo na jua likakosekana, kuvu ileile huyapasua maganda, bakteria wa siki huingia, na mavuno hupotea. Mwaka 2012 shamba mashuhuri kuliko yote ya Sauternes, Château d'Yquem, lilikataa kutoa mvinyo wake kwa sababu zabibu hazikufikia kiwango. Hata mwaka ukiwa mwema, mzabibu mmoja hapo hutoa takriban glasi moja tu, maana wachumaji hurudi shambani mara kadhaa kuchagua punje zilizofikia hali inayotakiwa.

Ndani ya punje hizo kuvu haikai bure. Hula sehemu ya sukari na sehemu kubwa ya asidi ya tataria, hutengeneza gliseroli inayoongeza uzito wa mvinyo mdomoni, na hubadilisha kemikali za harufu. Maji yaliyopotea ni mengi kuliko sukari iliyoliwa, ndiyo maana utamu huzidi. Hamira hushindwa kuichachusha sukari yote, kwa hiyo nyingi hubaki kwenye chupa.

Msomaji anaweza kuuliza: kama hii haidhuru, kwa nini mahindi yaliyoota kuvu yatupwe? Jibu ni kwamba kuvu si kitu kimoja. Botrytis haifahamiki kuwa mtengenezaji wa sumukuvu zinazotishia afya ya binadamu. Aspergillus flavus, inayoota kwenye mahindi na karanga, hutengeneza aflatoksini, sumu inayoharibu ini na kusababisha saratani yake. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yaliikumba Tanzania, Dodoma ikiwamo, mkoa huohuo unaojulikana kwa zabibu zake. Aflatoksini haiondoki kwa kupikwa, na macho hayawezi kupima wingi wake. Zabibu zenyewe hazina kinga: aina nyingine za Aspergillus huweza kuzitia sumu ya okratoksini, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo chake katika mvinyo. Wachumaji wa Sauternes wanapokata na kutupa punje zenye kuvu nyingine, hawatafuti ladha peke yake.

Kuhusu faida za kiafya, hoja inayorudiwa sana ni resveratroli, kemikali ya maganda ya zabibu iliyosifiwa kuwa hulinda moyo. Hata katika mvinyo mwekundu kiasi chake ni kidogo mno kuthibitisha sifa hiyo, na Botrytis ina kimeng'enya cha lakasi kinachoivunja. Wengine husema sukari hii ni ya asili. Ni kweli, lakini mvinyo wa Sauternes mara nyingi huwa na gramu 100 hadi 150 za sukari kwa lita. Glasi ndogo ya mililita 100 hubeba karibu vijiko vitatu vya chai, pamoja na takriban gramu 10 za alkoholi tupu. Mgonjwa wa kisukari hapati nafuu kwa sababu sukari ilitoka shambani. Nayo alkoholi imo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani vya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha unywaji kisicho na hatari kwa afya.

Lipo pia jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni salfaiti, yaani vihifadhi vya salfa. Mvinyo wa zabibu zilizooza hufunga sehemu kubwa ya dioksidi ya salfa inayowekwa kuuhifadhi, hivyo watengenezaji huhitaji kuiongeza. Sheria za Ulaya huruhusu hadi miligramu 400 kwa lita katika mivinyo ya aina hii, mara mbili ya kikomo cha mvinyo mweupe usio na sukari. Mvinyo uliofika kikomo hicho huweka miligramu 40 ndani ya glasi ndogo moja, na baadhi ya wagonjwa wa pumu hubanwa kifua kwa kiasi kidogo kuliko hicho.